Damu Kidogo, Tamponi Ndogo: Hotuba kwa Wanawake wa Eastlands

Bi. Mwenyekiti, mama mlezi wa kikundi, walimu, mama zangu, dada zangu, na nyinyi wasichana mliojibanza safu za nyuma, hamjambo? Nawashukuru kwa kuja. Najua kwa wengi wenu Jumamosi ndiyo siku ya kuuza, na kibanda kikifungwa hata saa mbili ni hasara. Kwa hiyo nitasema yale ya kutumika, niwaachie nafasi ya kuuliza.

Mimi ni muuguzi na mkunga katika kliniki ya akina mama hapa hapa Eastlands, Nairobi. Waandalizi waliniambia nichague jambo lolote linalohusu hedhi, kwa kuwa tunakaribia tarehe 28 Mei, siku ya kimataifa ya hedhi salama. Nimechagua jambo dogo kwa makusudi: tamponi, kile kipande cha pamba iliyobanwa, chenye uzi, kinachoingizwa ukeni kufyonza damu ya hedhi, na hasa tamponi katika zile siku ambazo damu ni kidogo.

Nimelichagua kwa sababu hakuna anayetufundisha. Nchi hii imejitahidi upande wa sodo. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, kwenye bidhaa za hedhi, kabla ya mataifa mengi makubwa. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa ili kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma apewe sodo bila malipo, za kutosha na zenye ubora. Bado tunadai zifike zote, zifike kwa wakati, na tutaendelea kudai. Lakini msichana huyo akimaliza kidato cha nne anakuwa anajua sodo peke yake. Anaingia chuo, mwenzake wa chumba anampa tamponi usiku wa manane, na somo lote analipata kwenye simu. Mwingine ni mama wa miaka arubaini na kitu aliyeanza kuogelea kwa ajili ya magoti yake. Anaingia supamaketi, anachukua pakiti ya kwanza anayoiona, na ile karatasi ya maelekezo yenye maandishi madogo inaishia kwenye pipa pamoja na boksi.

Watu hao wawili hunijia kliniki. Na kwa kawaida shida haiwapati siku ya pili ya hedhi, damu inapomwagika. Inawapata siku ya nne, ya tano, damu inapokuwa matone tu.

Nieleze ni kwa nini. Damu ikiwa nyingi, tamponi hukukumbusha yenyewe: inajaa, inavuja kidogo, uzi unalowa, unajua saa ya kubadilisha imefika. Damu ikiwa kidogo, tamponi inanyamaza. Huisikii, huioni, nguo ni safi. Unaendelea na kazi zako mpaka unasahau kwamba iko ndani. Siku za damu kidogo ndizo zinazotudanganya, na hilo ndilo nililokuja kusema. Siku hizo anayeamua ni saa. Ukingoja damu ikuambie, utangoja kupita kiasi.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi wanapokosea dukani. Mwanamke wa kawaida hupoteza kama mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi nzima, siku zote zikijumlishwa. Hivyo ni vijiko viwili au vitatu vya mezani. Ikizidi mililita 80, hiyo sisi tunaiita hedhi nzito na inahitaji kuangaliwa. Sasa gawa hizo 30 au 40 kwa siku zenu, mkikumbuka kwamba sehemu kubwa hutoka siku mbili za mwanzo. Mtaona kwamba siku za mwisho kinachotoka huenda kisijaze hata kijiko cha chai kutwa nzima.

Geuzeni sasa pakiti hizi tulizozipitisha. Mnaona vile vitone vilivyochorwa? Tone moja ni tamponi ndogo kabisa, inafyonza chini ya gramu 6. Matone mawili ni gramu 6 hadi 9. Matatu ni 9 hadi 12. Manne ni 12 hadi 15. Mama akija akaniambia, “Mimi hununua ya matone manne ili nikae nayo muda mrefu bila wasiwasi,” na ni siku yake ya tano, namwambia: mama, umeingiza kitu cha kufyonza gramu 15, na mwili wako una gramu mbili tu za kukipa. Hizo zingine kitazitoa wapi? Kitafyonza unyevu wa uke wenyewe, ule unaoulinda.

Nataka mlione hili, msilisikie tu. Mwalimu, tafadhali gawa vile vipande vya pamba. Kila mmoja achukue kimoja, akiweke kati ya shavu na ufizi, ndani kabisa, akae nacho kidogo. Tusubiri... Sasa kitoeni. Mmesikia kinavyong’ang’ania? Kimekauka, kimeshika ngozi, na ukikivuta kwa haraka unahisi kama kinaondoka na kipande cha shavu. Ngozi ya ndani ya uke ni laini vivyo hivyo. Tamponi kavu ikivutwa inakwaruza, inaacha michubuko midogo ambayo huioni kwa macho, inauma, na michubuko ile ni njia ya vijidudu kuingilia. Kwa hiyo mkisikia maumivu ya kuvuta siku ya mwisho ya hedhi, msiseme ndivyo ilivyo. Tamponi hiyo ilikuwa kubwa kuliko damu yenu.

Ndiyo maana nasema: siku ya damu kidogo, tumia ile ya tone moja peke yake. Ikiwa umekaa nayo saa nne au zaidi, ukaitoa na sehemu kubwa bado ni nyeupe na kavu, mwili umekuambia tamponi hazihitajiki tena mwezi huu. Vaa sodo nyembamba, ile pantilaini, au chupi ya hedhi kama unayo, umalizie nazo. Hakuna sheria inayosema aliyeanza na tamponi lazima amalize nayo. Kuchanganya ni jambo zuri. Mchana tamponi, usiku sodo. Siku nzito tamponi, siku nyepesi sodo. Mimi nikiulizwa na binti yangu, siku za matone matone namwambia avae pantilaini, basi, labda kama anakwenda kuogelea.

Na msivae tamponi kabla damu haijaanza, ati kwa tahadhari kwa sababu tarehe imefika na una sherehe ya harusi. Wala msiivae kwa ajili ya ute wa kawaida wa katikati ya mwezi. Ute huo ni wa kutoka, uacheni utoke.

Sasa muda. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inashauri tamponi ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi nane, na isizidi saa nane kamwe. Saa nane ni mwisho, haimaanishi ndizo saa za kulenga. Chukulieni mtu anayetoka Githurai kwenda kazini mjini. Ameiweka saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kupanda matatu. Saa nane mchana saa zake nane zimekwisha, lakini hapo yuko dukani anahudumia wateja, nguo ni safi, hahisi chochote. Anatoka saa kumi na moja na nusu jioni. Barabara ya Thika imefungana, anafika nyumbani saa mbili usiku, apike, asaidie watoto kazi ya shule. Akikumbuka ni saa tatu, na tamponi ina saa kumi na tano ndani. Mtu huyu hakuwa mzembe. Siku yake ndiyo ilivyokuwa, na hivyo ndivyo siku za Nairobi zilivyo.

Dawa yake ni simu. Ukiingiza tamponi, weka kengele ya saa sita palepale, kabla hujatoka chooni. Mwingine hufunga raba ya nywele mkononi, haitoi mpaka ametoa tamponi. Njia yoyote ni nzuri, ilimradi iwe nje ya kichwa chako. Na ukijua leo huna uhakika wa kupata choo kizuri kabla ya jioni, leo vaa sodo. Kuna wanawake hapa wanaouza barabarani na choo cha karibu ni cha kulipia, hakina sabuni, wakati mwingine hakina maji. Huyo simwambii abadilishe tamponi pale. Namwambia sodo ndiyo yake ya siku hiyo.

Usiku nao, fanyeni hesabu kabla ya kulala. Ukilala saa nne na kuamka saa kumi na mbili, saa nane zimetimia kamili, na Jumapili tunalala kupita hapo. Siku ya damu kidogo sioni haja ya kulala na tamponi.

Naona mama pale anauliza kwa macho: kwani tamponi ikikaa muda mrefu inafanya nini? Nifike hapo, maana ndipo penye uzito.

Kuna ugonjwa ambao madaktari huuita mshtuko wa sumu. Bakteria mmoja, stafilokoka, huishi kwenye miili ya watu wengi, puani, kwenye ngozi, na kwa baadhi ya wanawake ukeni, bila kuwadhuru. Aina fulani za bakteria huyu zikipata mazingira zinayoyapenda, hutengeneza sumu inayoingia kwenye damu na kuushtua mwili mzima. Tamponi yenye uwezo mkubwa wa kufyonza, iliyokaa muda mrefu, ni mazingira hayo. Inaingia na hewa, inakaa pale penye joto, na bakteria wanapata pa kuzaliana.

Ugonjwa huu ulipewa jina na daktari wa watoto wa Denver, Marekani, James Todd, mwaka 1978. Miaka miwili baadaye ulilipuka huko: mwaka 1980 mamia ya wanawake waliugua wakiwa kwenye hedhi, na wengine walifariki. Wengi walikuwa vijana wenye afya nzuri. Uchunguzi ulionyesha kwamba hatari iliambatana na tamponi zenye uwezo mkubwa wa kufyonza, na moja iliyotajwa sana, Rely, iliyotengenezwa kwa vitu vya kufyonza kupita kiasi, iliondolewa sokoni Septemba ya mwaka huo huo. Baada ya hapo ndipo Marekani ikalazimisha watengenezaji waandike kwenye pakiti kiwango cha kufyonza kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo mkisoma vipimo hivyo, jueni kuna wanawake waliokufa ndipo vikaandikwa.

Siwaambii haya ili mtupe tamponi. Ugonjwa huu ni nadra sana, na wengi tuliokwisha kuwa watu wazima miili yetu ina kinga dhidi ya sumu hiyo. Wasichana wadogo ndio wenye kinga pungufu, kwa hiyo mzazi anayemnunulia binti wa miaka kumi na minne tamponi ahakikishe amemweleza mambo ya saa. Lakini ni ugonjwa wa haraka, na lazima mzijue dalili zake. Homa kali ya ghafla, 39 na kupanda. Kutapika au kuharisha. Kizunguzungu, kuishiwa nguvu, kuzirai ukisimama. Misuli kuuma mwili mzima. Vipele au wekundu wa ngozi kama mtu aliyeunguzwa na jua. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu huo ni mgumu kuonekana, kwa hiyo angalieni viganja, nyayo, macho na ndani ya midomo. Mtu atadhani ni malaria au chakula kibovu. Akiwa kwenye hedhi na amevaa tamponi, aitoe mara hiyo hiyo na aende hospitali usiku huo huo, asingoje kupambazuke. Na amwambie daktari kwa kinywa chake: “Niko kwenye hedhi na nilikuwa nimevaa tamponi tangu saa fulani.” Daktari asipoambiwa anaweza kutibu malaria huku saa zinakwenda. Aliyewahi kuugua ugonjwa huu asitumie tamponi tena.

Tuje kwenye mikono. Nawa kwa sabuni kabla ya kuiingiza na baada ya kuitoa. Najua maji yetu yanavyokuja kwa mgao. Wekeni kijagi kidogo cha maji safi chooni kwa kazi hiyo peke yake. Ukitumia dawa ya mikono yenye spiriti, acha ikauke kabisa kabla hujagusa, la sivyo itakuchoma. Kucha ndefu za kubandika ni hatari hapa, zinakwaruza. Mwenye nazo achague tamponi yenye kibomba chake cha kusukumia, asitumie kidole. Ganda la tamponi likiwa limechanika kwenye mkoba, itupe hata kama ndani inaonekana safi. Na ukiuziwa moja moja, muombe muuzaji akuonyeshe boksi uone vitone na tarehe ya mwisho.

Anayejaribu kwa mara ya kwanza asichague siku ya damu kidogo. Uke ukiwa mkavu, kuingiza ni shida, kutoa ni shida zaidi, na msichana anaamua kwamba mwili wake una kasoro. Ajaribu siku damu inapotoka vizuri, na ile ndogo ya tone moja. Achuchumae au aweke mguu mmoja juu ya kigoda. Aelekeze nyuma, kuelekea kiunoni, maana njia ya uke imelala, haikusimama wima. Ikikaa vizuri hutaisikia kabisa. Ukiisikia unapotembea, haijaingia vya kutosha: itoe, chukua nyingine.

Na kwa mama anayekaribia kukoma hedhi, ambaye uke umeanza kukauka na damu inakuja kidogo kidogo bila mpangilio: usilazimishe. Jeli ya kulainisha yenye asili ya maji, ile ya duka la dawa, inasaidia kwenye ncha. Usipake Vaseline, mafuta ya kupikia, wala mate. Tamponi ikikwama kwa ukavu, usiivute kwa nguvu. Kaa chooni, legeza tumbo, pumua, lainisha mlango wa uke kwa maji ya vuguvugu, kisha vuta uzi polepole ukifuata mlalo ule ule ulioingizia. Ikitoka, usiweke nyingine siku hiyo.

Je, inaweza kupotelea tumboni? Nimeulizwa swali hili na wasichana wa shule na pia na mama wenye wajukuu. Haiwezi. Mwisho wa uke kuna mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno kupitisha tamponi. Ila uzi unaweza kupanda juu, au mtu anaweza kusahau moja ndani akaongeza ya pili. Hili nalo hutokea sana siku za mwisho: damu imekwisha, mtu hakumbuki kama aliitoa ile ya mwisho. Ukishuku, nawa mikono, chuchumaa, sukuma kama unayekwenda haja kubwa, papasa kwa kidole. Usiingize kibano wala kitu kingine chochote. Ukishindwa, njoo kliniki. Na ukiona uchafu wenye harufu kali siku chache baada ya hedhi, njoo pia. Tunaitoa kwa dakika chache, na hakuna atakayekusema. Ninawaahidi hilo kwa upande wangu, na mkikutana na muuguzi anayekaripia, mripotini.

Kuna akina mama ambao damu yao kidogo inatokana na njia ya kupanga uzazi. Mwenye kijiti mkononi, mwenye sindano ya miezi mitatu, mwenye koili ya homoni, anaweza kuona matone wiki mbili, wiki tatu. Tafadhali, msivae tamponi wiki tatu mfululizo kwa ajili ya matone. Hiyo ni kazi ya pantilaini, na kama matone yanawachosha, rudini kliniki tuzungumze kuhusu njia nyingine. Mwenye koili akitumia tamponi ahakikishe ameshika uzi wa tamponi peke yake anapovuta, kwa kuwa koili nayo ina nyuzi zake huko ndani.

Mama aliyejifungua, au aliyeharibikiwa na mimba, asitumie tamponi kabisa mpaka baada ya wiki sita na baada ya kuangaliwa. Najua mwishoni mwa siku arubaini damu inakuwa kidogo sana, na mtu anaona tamponi ingemfaa. Lakini kidonda cha ndani bado kinapona. Vivyo hivyo mwenye dawa ya kuingiza ukeni, kwa mfano ya fangasi: tamponi inainywa dawa yote, na ugonjwa unabaki.

Na damu ambayo kwa kawaida ni nyingi, mwezi huu imekuja matone mawili matatu tu? Kabla ya kufikiria tamponi, pima mimba. Kukiwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, au kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, inawezekana mimba imetunga nje ya mji wa mimba. Hilo haliwezi kungoja kliniki ya Jumatatu.

Dada zangu wa Eastleigh mlioniandikia kwenye vikaratasi, nimesoma. Mwanamke Mwislamu anayeingiza pamba mwishoni mwa hedhi kuangalia kama ametwaharika, yaani damu imekatika, akaitoa papo hapo, hana tatizo mradi mikono ni safi. Pamba isiachwe ndani. Pamba ya dukani, tishu, kitambaa, kipande cha godoro, vyote hivyo havikutengenezwa kukaa ukeni, vinaachia nyuzi, na havina uzi wa kuvutia. Kwa waliokeketwa wakashonwa: ukeketaji umeharamishwa kwa sheria tangu 2011, nanyi hamkufanya kosa lolote. Tamponi huenda isipite, au ipite ishindwe kutoka. Msiilazimishe. Na damu ikitoka kidogo kidogo kwa siku nyingi na maumivu makali, inawezekana imezuiliwa njiani. Njooni, kuna msaada wa kitabibu, na mtaongea na mwanamke.

Kuhusu ubikira, mama mmoja ameuliza kwa uchungu na ninamheshimu. Kizinda ni utando laini unaonyumbuka, wenye nafasi tayari, ndiyo maana damu ya msichana hutoka. Tamponi ndogo hupita katika nafasi hiyo. Inaweza kuutanua kidogo. Haimfanyi binti yako kuwa ameingiliana na mwanamume. Kama familia yenu bado haina amani na jambo hilo, sodo zipo, msilazimishane.

Swali la mwisho lililoandikwa: habari za sumu ya madini ya risasi kwenye tamponi. Ni kweli, mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima tamponi 30 wakakuta metali mbalimbali, zikiwemo risasi na aseniki, ambayo nayo ni sumu. Hawakupima kama metali hizo zinatoka kwenye tamponi na kuingia mwilini; hilo ni swali linalofuata. Kwangu mimi ni sababu nyingine ya kutotumia tamponi pale ambapo pantilaini inatosha.

Mkizitoa, zifungeni kwenye karatasi na kuzitupa kwenye pipa. Mabomba ya ploti zetu yanaziba kwa tamponi, na anayeingia kuyazibua kwa mikono ni jirani yenu.

Meza ile yenye glasi za maji nimeiacha wazi. Chukueni tamponi ya tone moja na ya matone manne, mzitumbukize, mwone zinavyotofautiana kwa macho yenu. Wenye maswali yasiyosemeka mbele za watu, nitakuwa chumba cha nyuma mpaka saa kumi na moja. Njooni mmoja mmoja, na wasichana waanze, kwa sababu wao wana safari ya kurudi bwenini.